Wanawake Walioacha Kupiga Magoti

Siku niliyokabidhi ufunguo wa chumba cha fizio, yaani tiba ya viungo, binti aliyechukua nafasi yangu aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Sista Nekesa," akasema, "hapa mlangoni hakuna kibao. Kule getini hakuna kibao. Wajawazito na wazazi walikuwa wanakupataje?" Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema basi niiandike, maana wao wanaobaki wataihitaji. Mtoto wa watu hakujua anajitafutia nini. Mstaafu akipewa kalamu ni mbuzi aliyefunguliwa karibu na shamba la mihogo.

Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka, nikafanya kazi hospitali ya Tororo karibu umri wangu wote wa utu uzima. Habari za vyeo nitaziacha. Vilikuja kwa kuchelewa, kama ilivyo desturi ya vyeo, na hakuna nilichojifunza kwavyo. Mshahara nao tuuache ulale.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya chumba cha plasta, na mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi moyo wangu unarudi pale. Nje ya mlango palikuwa na benchi refu la mbao. Benchi hilo lilijaa wanaume asubuhi hadi jioni: vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, wachimbaji dhahabu wa Tiira walioangukiwa na udongo shimoni, wapakiaji wa malori walioacha migongo yao chini ya magunia ya mahindi. Siku yangu ya kwanza nilimkuta Mzee Okello, mkuu wa idara, ameshika mguu wa mgonjwa. Hakunikaribisha. Alisema, "Shika hapa. Funga macho. Unasikia nini?" Nikasema nasikia mguu. "Basi rudi kesho," akaniambia, "utasikia zaidi."

Mzee Okello alikuwa Mpadhola, mwenyeji wa Tororo, mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu sisi. Vifaa vyake vingi alivitengeneza mwenyewe. Kapi ya kunyooshea mabega ilikuwa rimu ya baiskeli iliyoning'inizwa darini. Mifuko ya mchanga ya kutia miguu nguvu aliishona kwa shuka za wodini zilizochakaa, kwa mkono, saa ya chai, huku akitafuna njugu za kukaanga na kusikiliza redio. Wafadhili walipotuletea mashine ya umeme aliishukuru kwa adabu, akaitandikia kitambaa, akaiweka redio juu yake. Ilikuwa meza nzuri sana.

Alinifundisha mengi, lakini moja ndilo ninalotaka mlishike. Siku moja nilimlalamikia mgonjwa aliyenidanganya. Mzee akaniambia, "Mgonjwa haleti ugonjwa yake, binti. Analeta ile anaweza sema mbele ya watu." Nilidhani anazungumza tu, kama wazee wanavyozungumza. Yeye mwenyewe, nadhani, hakujua maneno hayo yangetufikisha wapi.

Kwa sababu tulikuwa na fumbo letu pale, na fumbo hilo lilikuwa magoti. Wanawake walikuja kwa magoti. Si vikongwe tu, jamani, bali wasichana walioolewa juzi, wenye mtoto mgongoni, wanaotembea kutoka kijijini na kurudi bila kuchechemea. Karani wa mapokezi, ambaye Mungu alimpa sauti ya kuchungia ng'ombe, aliwauliza mbele ya benchi zima, "Mama, unaumwa nini?" Nao wakajibu, "Magoti." Tukawatibu magoti. Tuliwakanda kwa taulo la moto, tukawafungia mifuko ya mchanga, tukawakunja na kuwakunjua. Nina hakika kwamba hapakuwa na wanawake wenye magoti imara kama wetu Afrika Mashariki nzima. Lakini waliondoka na nyuso zile zile walizokuja nazo, na baada ya muda wakarudi. Mzee Okello alikuwa akijikuna kichwa na kusema hajawahi kuona magoti mazima yanayouma hivyo.

Miaka ikapita, Mzee akastaafu, akaniachia chumba, kapi na mifuko ya mchanga. Nikapelekwa Kampala kwenye kozi fupi ya afya ya wanawake, kuhusu misuli ya sakafu ya nyonga: ile iliyo chini kabisa, inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, na inayochoka kwa mimba na kuchanika kwa kuzaa. Nilirudi na cheti na nyonga ya plastiki ya kufundishia. Mfagiaji wetu alipoiona alikataa kuingia chumbani mpaka nimwambie ni ya marehemu gani. Nikangoja wagonjwa. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya misuli hiyo. Magoti tu.

Aliyenifumbua macho ni Bi Zainabu, muuza leso kutoka Busia upande wa Kenya, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye duka dogo karibu na stendi. Alisema "magoti" kwa karani kwa sauti ya juu kabisa, akaingia, akafunga mlango mwenyewe, akakaa.

"Magoti yangu hayana neno," akaniambia. "Nimesikia wewe ndiye ulienda kusomea mambo ya wamama. Mimi nikikohoa, nikicheka, nikiinua bando la leso, mkojo unatoka. Nairobi wananiambia kuna fizio wa hayo, lakini nitapanda basi mpaka lini? Nikasema acha nijaribu Tororo."

"Na kwa nini umesema magoti?"

"Wewe nawe. Ungetaka niseme nini pale nje, na wale vijana wa pikipiki wametega masikio?"

Niliwaona wote kwa mara moja, wale wasichana wa miaka yote ile. Hawakuwa wametudanganya. Kwa mliotoka mbali, nieleze. Huku kwetu, mwanamke aliyeolewa humpigia magoti mama mkwe anapomsalimia. Hupiga magoti akileta maji ya kunawa, na tena akileta chakula. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, binti wa mjini atamsalimia mama mkwe amesimama na maisha yakaendelea. Sisi, hapana. Asiyepiga magoti amevunja nyumba. Na misuli ile ikiwa imelegea, kupiga magoti si kazi. Kazi ni kuinuka. Hapo ndipo mkojo unapotoka. Kwa hiyo walisema magoti, na ilikuwa kweli kadiri walivyoweza kuisema. Waswahili husema mficha uchi hazai. Hawa wa kwetu walikuwa wamekwisha kuzaa, na bado walificha.

Tangu hapo Bi Zainabu ndiye aliyekuwa kibao changu. Kila mwanamke aliyenunua leso za uzazi alipimiwa na neno la bure: "Sasa sikiza. Tumbo lifunge, lakini usijibane mpaka ushindwe kupumua, maana hapo unasukuma kila kitu chini. Na ukitoka arobaini ukiona mambo hayashikiki, vuka uende Tororo, uulizie Sista wa magoti." Wajawazito nao aliwatuma, akiwaambia ni heri kuijua misuli hiyo kabla ya kuihitaji. Wakaja kutoka pande zote mbili, Waislamu wa mjini, walimu wa Busitema, wakulima wasiojua Kiswahili wala mimi nisijue Kiateso, na sote pale kwenye benchi tukasema magoti. Karani alianza kuamini kuwa maji ya wilaya yetu yana kasoro.

Niwape na ya kazi kidogo, kabla sijasahau. Nyonga ya plastiki iacheni kabatini. Mimi nilitumia mshipi wa gomesi, lile vazi letu refu la heshima, ule mkanda mpana wa kiunoni: mmoja anashika huku, mwingine kule, unaweka chungwa katikati, mkanda ukilegea chungwa linashuka. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Usimguse mtu kabla hajakuruhusu, na akikataa, fundisha kwa mdomo. Mwambie akaze kama anayezuia hewa isitoke mbele za watu, kisha aachie kabisa, maana kuachia nako ni nusu ya kazi. Wako ambao misuli yao imekaza mno, na hao ukiwazidishia kukaza unawaumiza. Anayetokwa na mkojo mchana kutwa bila kukoma, huyo si wako, mpeleke kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Na kila mmoja, nasema kila mmoja, mkamateni kwenye pumzi. Wanawake wa huku wamebeba jerikeni tangu utotoni, na wamezoea kubana pumzi wanapoinua kitu. Pumzi ikibanwa, mzigo wote unashukia kule chini. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyarudia mpaka wenyewe wakawa wanayamalizia: "Toa pumzi kwanza, ndiyo uinuke."

Sasa nije kwa Athieno.

Alikuja katika miaka yangu ya mwisho kazini, msichana mwembamba wa Merikit, mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza ameanza kukaa. Mumewe, Okoth, alikuwa kwenye mashimo ya Tiira na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alimwambia karani magoti. Nikafunga mlango, nikamwambia nililokuwa nikiwaambia wote: "Hapa ndani, magoti unaweza kuyaacha nje." Alilia mpaka mtoto naye akaanza.

"Musawo," akasema, kwa jina tunaloitwa sote Uganda, kuanzia daktari mkuu hadi anayefunga bendeji, "mimi kupiga goti, sawa. Kuinuka ndiyo mukojo inatoka. Mara ya kwanza ilitoka mbele ya mama ya bwana yangu, na mimi nashika sahani. Hakuona. Tangu hiyo siku nasalimia nikisimama."

"Naye anasemaje?"

"Anasema nimezaa kijana, sasa nimeleta kiburi. Ameita wazee ya ukoo. Wakimaliza kuvuna njugu, wanakaa kikao. Anataka nirudi kwetu."

"Na mtoto?"

"Mutoto ni ya ukoo," akasema. "Anabaki."

Nikamwambia basi amweleze mama mkwe, mwanamke mwenzake, atamwelewa. Alinitazama kama niliyemwambia akaoge sokoni. "Heri nirudi kwetu," akasema. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Nilimpima. Misuli ilikuwa imechoka, haikuwa imekatika, na mkojo ulikuja anapoinuka tu, kwa hiyo alikuwa mgonjwa wangu halali. Tulianza mkekani, amelala, akijifunza kukaza na kuachia bila kubana pumzi. Tukaenda kukaa, tukaenda kusimama. Kisha nikamwambia, sasa tunapiga magoti, na uso wake ukabadilika. Nilimpa sinia, nikaweka juu yake mifuko ya mchanga ya Mzee Okello badala ya chakula, mmoja, halafu miwili. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikawa mama mkwe, na nilikuwa mama mkwe mbaya kweli kweli, nasifiwa hata leo. Anapiga magoti, ananisalimia, anatua sinia. Toa pumzi kwanza, ndiyo uinuke. Mara nyingine alifaulu, mara nyingine alikimbilia choo. Njugu zilikuwa zimekwisha kutoa maua shambani, na misuli haijui haraka ya ukoo. Niseme wazi kwamba niliogopa. Usiku nililala nikimwaza yule mtoto.

Wakati huo huo, asubuhi ya Alhamisi moja, akaingia mama wa makamo aliyevaa gomesi safi iliyopigwa pasi, mwendo wa mtu anayeheshimiwa kwao. Magoti. Nikafunga mlango. Nikamwuliza jina, akasema yeye ni Mama Okoth, wa Merikit, na mwanawe anafanya kazi Tiira.

Nilijishughulisha na taulo lisilohitaji kukunjwa. Kisha nikamwambia kwamba magoti anaweza kuyaacha nje. Alilegeza mshipi wa gomesi yake, akaufunga upya.

"Tangu nilizaa huyu Okoth," akasema mwishowe. "Ndani ya gomesi navaa nguo mbili. Kanisani nakaa nyuma, karibu na mlango. Nilikwenda nunua leso kule Busia, mwanamke ya leso akanitazama tu, akaniambia iko musawo."

"Pole, mama. Miaka yote hiyo."

"Miaka yote," akasema, na sauti yake ikawa ngumu. "Na nilipiga magoti. Mama mkwe yangu hakujua. Mukojo ilitoka, nikapiga goti, nikaenda badilisha nguo, nikarudi nikapiga tena. Sikuacha hata siku moja. Huyu msichana ya siku hizi anazaa mutoto moja, goti hapigi. Ananiona mimi nini?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kata katika mitungi miwili ya nyumba moja. Neno moja langu lingemaliza kila kitu. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini halikuwa langu, na mwenye nalo alikuwa ameniapisha. Vijana, hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yetu. Mambo ya misuli ni rahisi. Nikatandika mkeka, nikamfundisha mama mkwe yale yale niliyomfundisha mkwewe, kwa maneno yale yale, kwa mifuko ile ile ya mchanga. Athieno Jumanne, Mama Okoth Alhamisi. Kila mmoja aliaga nyumbani kwamba anakwenda sokoni.

Ingeendelea hivyo mpaka kikao, kama Alhamisi moja kusingekuwa na mazishi kijijini. Mama Okoth akaja Jumanne.

Nilifungua mlango kumwita mgonjwa, nikamwona ameketi katikati ya benchi, kati ya kijana wa bodaboda mwenye magongo na mchimbaji mwenye shingo ya plasta. Na mwisho wa korido, na mtoto mgongoni, Athieno alikuwa anakuja. Walionana kwa wakati mmoja. Benchi zima ni watu wa hapa hapa; kila mtu alijua kinachotakiwa, hata yule wa shingo ya plasta aligeuza mwili mzima ili aone. Athieno angeweza kurudi alikotoka. Alisogea mpaka mbele ya mama mkwe wake, akapiga magoti kwenye saruji, akasalimia.

Salamu za Kipadhola hazina haraka. Aliuliza ya nyumbani, akajibiwa. Akaulizwa ya mtoto, akajibu. Zikaisha. Ikabaki kuinuka, naye hakuinuka. Alibaki pale chini, macho kwenye sakafu, mkono mmoja umeshika mguu wa mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa.

Mama Okoth alimtazama. Akanitazama mimi, akautazama mlango wangu, akamtazama tena yule msichana aliyekwama magotini. Nadhani aliuona uso alioujua kuliko uso wowote duniani. Akainama mpaka kichwa chake kikakaribia kile cha mkwewe, akasema polepole:

"Toa pumzi kwanza. Ndiyo uinuke."

Athieno aliinua macho. Akatoa pumzi, ndefu, tuliisikia sote. Akainuka. Sakafu ilikuwa kavu. Mama Okoth akamsukuma mchimbaji kwa kiwiko bila kumwomba radhi, akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa hapa," akasema. "Leta huyo mutoto."

Niliingia ndani nikalia kidogo nyuma ya pazia, kisha nikamwita kijana wa magongo, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Nimeona miguu iliyokatiwa tamaa ikitembea, lakini hakuna siku niliyoipenda kazi hii kama siku ile.

Kikao cha ukoo kilikaa, kwa kuwa kuku walikuwa wameshachinjwa. Nasikia wazee walijadili mpaka wa shamba, wakala, wakaenda zao.

Miezi michache kabla sijastaafu, wote wawili walirudi pamoja, Athieno akiwa na mimba changa. Karani, ambaye sasa anawajua, akauliza kwa ile sauti yake, "Mama Okoth, ni yale magoti?"

"Hapana," akasema Mama Okoth. Hakupunguza sauti. "Magoti ni mazima. Huyu iko na mimba, na mukojo inamutoroka akiinuka. Mimi pia, tangu nilizaa bwana yake, lakini sasa imepungua. Tunataka huyu aanze mapema, asikae miaka kama mimi."

Wanaume wote waligundua kwamba dari la korido lina mambo ya kutazama. Karani alibaki na kalamu hewani, kwa mara ya kwanza hana sauti.

Kwa hiyo, binti yangu, hilo ndilo jibu lako. Kibao sasa kiweke, tena kikubwa, na kiandike jambo lenyewe. Nilipokuja mimi kingewafukuza wote. Leo sidhani, kwa sababu ya mwanamke mwingine aliyekuwa mwisho wa benchi asubuhi ile, mgeni kabisa, mtoto mchanga kwenye leso mpya, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia karani shida yake na kuketi. Nilimwona akisimama, polepole, akirudi pale mezani.

"Na ya kwangu badilisha," akamwambia. "Si magoti."